Mota mbili, mwendo mmoja: Jinsi gia inavyochongwa katika karakana ndogo

KAHAWA iliyochumwa asubuhi haina budi kuambuliwa maganda siku iyo hiyo, la sivyo huanza kuchacha na ubora wake kushuka. Ndiyo sababu gia iliyovunjika meno katikati ya msimu huleta kilio hata kama yenyewe haizidi upana wa kiganja. Katika maeneo kama Kanyakine, Imenti Kusini, kaunti ya Meru, ambako kahawa na majani chai huwalisha wengi, mitambo mingi ni ya zamani na vipuri vyake si rahisi kupatikana. Katika viwanda vya chai nako, roli mbili zinazokata majani huzunguka kwa kasi tofauti, moja takriban mara 70 kwa dakika na nyingine mara 700, na gia ndizo hulinda uwiano huo.

Fundi mwenye kerezo na mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile inayojulikana kama milingi, anaweza kutengeneza gia hiyo mwenyewe. Njia ya kale ni kukata jino moja baada ya jingine kwa kutumia kichwa cha kugawanya. Kifaa hiki huwa na mkono unaozungushwa mara 40 ili chuma kizunguke mara moja. Kwa gia ya meno 37, kwa mfano, mkono huzungushwa mara moja kamili na kuongezwa matundu matatu katika duara la matundu 37. Kazi hiyo inahitaji subira, na fundi akikosea hesabu ya tundu moja tu, chuma hicho ni cha kutupwa. Aidha, kila kipimo cha meno huhitaji seti ya vikataji vinane, kwa kuwa umbo la jino hubadilika kadiri idadi ya meno inavyobadilika.

Njia ya pili hutumia hobu, kikataji chenye umbo la parafujo iliyochanjwa makali. Mjerumani Robert Hermann Pfauter alipata hataza ya mashine ya aina hii mwaka 1897. Hobu moja huweza kukata gia za idadi yoyote ya meno ya kipimo kimoja. Sharti lake ni moja: hobu ikizunguka mara moja, chuma kinachokatwa nacho kisogee jino moja kamili, bila kupungua wala kuzidi.

Katika mashine za viwandani, sharti hilo hutimizwa kwa kuunganisha hobu na meza kwa msururu wa gia. Kwa maneno mengine, anayetaka kukata gia lazima kwanza awe na gia nyingi! Fundi wa karakana ya nyumbani huepuka gharama hiyo kwa kutumia mota mbili.

Hata hivyo, haitoshi kuziwasha pamoja na kutumaini kwamba zitakwenda sambamba. Mota ya kawaida yenye ncha nne, kwa umeme wa hezi 50, ingepaswa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini ikibebeshwa kazi hushuka hadi karibu 1,440, na hushuka zaidi chuma kinapokuwa kigumu. Kwa hiyo mota ya meza haipewi kasi yake yenyewe, bali huifuata ile ya hobu. Enkoda hufungwa kwenye mhimili wa hobu ili kuhesabu mzunguko, na kompyuta ndogo ya kudhibiti huiamuru mota ya hatua isogeze meza.

Tuchukue mfano. Mota yenye hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara nane, ikiendesha meza kupitia parafujo ya 40 kwa moja, huhitaji mipigo 64,000 ili meza izunguke mara moja. Kwa gia ya meno 30, kila mzunguko wa hobu unadai mipigo 2,133 na theluthi moja. Theluthi hiyo ndiyo mtego. Ikitupwa, hobu inayozunguka mara 100 kwa dakika itakuwa imepotea jino zima baada ya dakika 64, na meno yatakuwa yamekwisha kuharibika kitambo kabla ya hapo. Programu nzuri hufanya kama mwenye duka mwangalifu: masalio huandikwa daftarini, na yakitimia mpigo mmoja, hulipwa.

Gia zenye meno machache zina taabu yake. Hobu ikizunguka mara 300 kwa dakika, gia ya meno 12 hudai mota ya hatua izunguke mara 1,000, kasi ambayo mota nyingi za aina hiyo hupoteza hatua bila kutoa ishara yoyote. Ni heri kupunguza mwendo.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Mota ya hobu huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, ilhali ile ya hatua husimama papo hapo, na hobu ikatafuna meno yaliyokwisha kukatwa. Dawa yake ni kuiwekea enkoda, kompyuta na mota ya meza betri yao, ili meza iendelee kuifuata hobu mpaka vyote visimame.