Lenzi za zamani kwenye kamera zisizo na kioo

Lenzi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu. Mpiga picha hulenga mwenyewe kwa kuzungusha pete. Siku hizi hutumika pia kwenye kamera za kidijitali zisizo na kioo cha kuakisi picha.

Sababu ni umbali. Lenzi ya Nikon F hukaa milimita 46.5 mbele ya filamu, ili kioo kipate nafasi ya kuinuka. Kamera ya Sony E haina kioo, hivyo inahitaji milimita 18 tu. Milimita 28.5 zinazobaki hujazwa na adapta, yaani bomba fupi la chuma lililo wazi katikati. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Sony E kwenye kamera ya Nikon F ingekaa mbali mno na isingeonyesha vizuri vitu vya mbali.

Kamera haitambui lenzi hizo, hivyo lazima iruhusiwe kwenye mipangilio kupiga picha bila lenzi. Zinafaa zaidi kwa vitu vilivyotulia, kama Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe; kulenga lori linalokimbia kuelekea Tunduma ni kazi nyingine kabisa. Kabla ya kununua, lenzi imulikwe kwa tochi: nyuzinyuzi ndani yake ni kuvu, na alama zake mara nyingi hazifutiki.