Kabla Hujanywa Hiyo Chai ya Tumbo

Wasee, hii ilianzia jikoni kwetu, Mji wa Kale. Harusi ya binamu yangu imekaribia na mamangu mdogo anataka gauni limkae. Nikamkuta anakoroga chai ya Kichina, ile ya kupunguza tumbo. Pakiti nzima ni Kichina tupu. Nikamuuliza ndani mna nini. "Ni majani tu, mwanangu. Hayana kemikali."

Nikakesha nikisoma.

Vitu vya China si vigeni kwetu. Ingia Fort Jesus uone vyombo vya kauri vilivyoletwa pwani hii zamani. Hata dawa ya malaria unayopewa leo hapa Mombasa, asili yake ni mmea wa Kichina, qinghao. Tarehe 4 Oktoba 1971, Tu Youyou na wenzake kule Beijing walijaribu dondoo namba 191 kwa panya wenye malaria, vimelea vikaisha vyote. Majaribio ya usalama kwa wanyama yalipotoa majibu ya kutatanisha, mwaka 1972 yeye na wenzake wawili wakalazwa hospitali, wakainywa wao kwanza. Mwaka 2015 akapata Nobel. Kwa hivyo msinambie napiga vita mitishamba.

Kilichoninyima usingizi ni kisa cha Brussels, Ubelgiji. Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliongeza mitishamba ya Kichina kwenye dawa zake. Mmoja ulitakiwa uwe han fang ji. Kilichoingia ni guang fang ji. Ni kama umeita Juma mtaani akaitika Juma mwingine, na huyu ana kisu. Figo za wanawake zikaanza kufa, wengi wao vijana. Madaktari walitangaza mwaka 1993, na mwishowe waliodhurika walipita 100. Kuna waliowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kuna waliobadilishiwa figo, na miaka baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Na panya walikuwa washasema! Guang fang ji ni jamii ya Aristolochia, mimea yenye asidi yake yenyewe. Watafiti wa Ujerumani waliwapa panya asidi hiyo, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha wamepata saratani. Ujerumani ikaziondoa sokoni dawa zenye asidi hiyo miaka ile ile. Hiyo ni kama miaka minane kabla ya Brussels. Lakini panya atakusaidia nini, ikiwa mmea aliopimiwa ni mmoja na ulio kwenye gunia ni mwingine, na hakuna aliyefungua kuangalia?

Mtu atanambia Wachina wametumia hizi dawa tangu enzi na enzi. Sawa. Dawa ikikutapisha leo, mganga ataiacha kesho. Lakini figo hazipigi kelele. Ukinywa ukiwa na miaka 25, ukaugua ukiwa na 40, nani atakumbuka chai? Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu, kwa hivyo mtafiti anauona umri wote ukipita, kisha anampasua aangalie figo, ini na kibofu. (Panya naye si mtu, tukubaliane. Dawa hizo za qinghao ziliua vijusi vya panya, wajawazito wakakatazwa dawa bora ya malaria katika miezi mitatu ya kwanza, mpaka WHO ilipoiruhusu mwaka 2022 baada ya kuangalia wanawake wenyewe.)

Asubuhi nikamwambia mamangu mdogo kwamba ile sumu ya Brussels haikuwekwa na kiwanda, mmea wenyewe ndio ulioitengeneza. Akanisikiza vizuri, akauliza, "Na hao panya, tumbo lilipungua?"

Nikaigeuza ile pakiti nitafute namba ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Hamna. Nikapiga picha maandishi, simu ikanitafsiria mimea minne, wa tano ikashindwa. Nimemuomba anywe chai ya tangawizi mpaka tujue huo wa tano ni nini. Hajakubali, hajakataa. Pakiti iko juu ya friji, zimebaki tatu. Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo, na kila nikipita jikoni nazihesabu.