‘Kuazima’, ‘kukataa’ na ‘ndiyo’: Pale Kiingereza kinapotutatiza

MIONGONI mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza Kiingereza, yako yanayohusu maneno ambayo kila mtu anadhani anayafahamu. Si msamiati mgumu wa vitabuni, bali maneno ya kila siku, ambayo mwanafunzi huyakuta tangu shule ya msingi na bado yakamponyoka akiwa mbele ya ofisa wa benki, daktari au hakimu.

Tuanze na “borrow” na “lend”. Mtu husema “borrow me your pen” akikusudia “niazime kalamu yako”. Kosa hili lina asili yake. Katika Kiswahili kitenzi kuazima hubeba pande zote mbili: anayetoa huazima, na anayepokea naye huazima. Kiingereza hakikubali hivyo. Anayepokea ndiye afanyaye “borrow”, na anayetoa ndiye afanyaye “lend”. Kwa hiyo sentensi sahihi ni “lend me your pen” au “may I borrow your pen?”

Asiyeweza kukumbuka na afikirie fedha, kwani huko Kiswahili kimetenganisha mambo waziwazi: kukopa ni “borrow”, kukopesha ni “lend”. Katika mkataba wa mkopo, “the borrower” ni mkopaji na “the lender” ni mkopeshaji. Anayeyachanganya maneno hayo hawezi kujua ni wajibu wa nani anaousoma kabla ya kutia saini. Hata hivyo tusijidharau. Kiswahili hutofautisha kitu kinachorudishwa chenyewe, kama jembe, ambacho huazimwa, na kile kinachorudishwa kwa mfano wake, kama fedha au sukari, ambacho hukopwa. Kwa Mwingereza yote hayo ni “borrow” tu.

Swali la pili lina hatari zaidi, nalo ni la kujibu swali lenye ukanushi. Mzazi akiulizwa, “Hujalipa ada?” naye hajalipa, atajibu “Ndiyo, sijalipa.” Ndiyo hiyo inakubaliana na kauli ya muulizaji: ni kweli usemavyo. Katika Kiingereza jibu halifuati kauli ya muulizaji, hufuata hali halisi ya jambo. Kwa “Haven’t you paid the fees?” asiyelipa hujibu “No, I haven’t”, na aliyelipa hujibu “Yes, I have”.

Mtu anaweza kuona kwamba huko ni kutafuta nongwa. Lakini na amfikirie mgonjwa anayeulizwa na daktari asiyejua Kiswahili, “You are not allergic to penicillin, are you?” Penisilini haimdhuru kabisa, naye akajibu “Yes” kwa maana ya “ndivyo, hainidhuru”. Daktari atasikia kinyume chake, na atamnyima dawa ambayo pengine ndiyo iliyomfaa. Aidha, shahidi mahakamani akiulizwa “You did not see him that night?” na kujibu “Yes” tupu, anaacha kumbukumbu ambayo wakili hodari anaweza kuigeuza atakavyo. Dawa yake ni nyepesi: usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima, “I did not see him”, na utata umekwisha.

Kuna na swali la adabu, “Would you mind opening the window?” Anayekubali kufungua dirisha hapaswi kujibu “Yes”, maana atakuwa amesema kwamba kazi hiyo inamkera. Hujibu “Not at all”, kisha akafungua.

Tukiwa bado mahakamani, liko neno kukataa. Kwa mazungumzo ya kawaida tunasema “amekataa kwamba aliiba simu”, na mwanafunzi huandika “he refused to steal the phone”. Hapo amemgeuza mshtakiwa kuwa mtu mwaminifu wa kupigiwa mfano, aliyeombwa aibe akagoma! “Refuse” ni kukataa kutenda au kupokea. Kukataa kwamba jambo ni kweli ni “deny”. Kiswahili chetu kina kukana na kukanusha kwa kazi hiyo hiyo, na anayeyatumia vizuri hatapata shida: alikana shtaka, “he denied the charge”; alikataa kujibu, “he refused to answer”. Ila “deny” ina sura nyingine, ya kunyima, kama katika “he was denied bail”, yaani alinyimwa dhamana.

Kuhusu “informations”, “advices” na “furnitures” hatutakawia: maneno hayo hayapokei “s”, ingawa sisi tuna taarifa mbili na ushauri wa aina tatu. Ukitaka kuhesabu, sema “two pieces of information”.

Mwisho ni “by” na “until”, ambayo yote tumezoea kuyafasiri kuwa hadi. “Until” ni kwa jambo linaloendelea mpaka muda fulani: “the office is open until Friday”. “By” ni kwa jambo linalotakiwa liwe limekamilika ifikapo muda huo: “applications must be received by Friday”. Zingatia neno “received” katika tangazo la namna hiyo la kazi. Barua iliyotiwa posta Ijumaa jioni na kufika Jumatatu imechelewa, hata kama muhuri wa posta unaonyesha Ijumaa.