Habari za Siha na Uzee katika Machimbo ya Kolwezi

Katika nyanda za juu za Lualaba, ambako mji wa Kolwezi umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni na Julai huja na baridi ya alfajiri iwezayo kumfanya mzee wa miaka sabini akae kitambo kirefu ukingoni mwa kitanda chake, akisugua magoti kwa viganja na kunyoosha mguu mmoja baada ya mwingine, kabla hajathubutu kusimama. Wazee wa namna hii leo ni wengi katika mitaa ya Manika na Dilala na katika makambi ya zamani ya Kapata, Luilu na Musonoi. Lakini jambo ambalo wageni hawalijui, na ambalo hata vijana wa mji wamelisahau, ni kwamba Kolwezi, tangu ulipoasisiwa mwaka 1937, ulikuwa kwa miaka mingi mji usio na wazee: ulijengwa kwa ajili ya miili yenye nguvu, na mwili uliokwisha nguvu haukuwekewa mahali pake.

Haikuwa hivyo zamani, kabla ya kampuni. Wafua shaba wa nchi hii, Wasanga na baadaye Wayeke waliokuwa chini ya Msiri, walichimba na kuyeyusha mawe ya kijani wakati wa kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha kuingia ghalani. Wanaume wakishuka mashimoni, wanawake na watoto wakiyachambua na kuyaosha mawe, na mafundi wakiketi penye tanuri za udongo na mivukuto yao, hata shaba ikamiminwa katika umbo la misalaba iliyokwenda mbali kwa biashara. Mvua zikikaribia, kazi ilikoma, watu wakarudi mashambani. Mwili ulibadilishiwa kazi kwa majira, na mzee aliyeshindwa kushuka shimoni alibaki na elimu ya tanuri na ya matambiko yake, ambayo pasipo hiyo vijana wasingepata hata kipande kimoja cha shaba.

Kampuni hiyo, Union Minière ya Katanga ya Juu, iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba yake ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Watu waliandikwa kazi kutoka mbali, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, wakatembezwa majuma kadhaa na kufika wakiwa hoi. Wakalazwa katika vibanda vya msongamano, wakafa kwa homa ya mapafu, kuhara na homa ya matumbo kwa wingi wa kutisha. Hapo ndipo daktari alipoingia katika habari hii. Alimpima mtu kimo, uzito na mzingo wa kifua kabla ya kumkubali, na katika miaka ya 1920 kampuni ilipong'amua kwamba mtu anayekufa au kutoroka ni hasara kuliko mtu anayetunzwa, ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wanaume kuja na wake zao, ikajenga hospitali, nyumba za uzazi na shule. Mwenye kuitengeneza siasa hiyo, Léopold Mottoulle, alikuwa mwenyewe daktari kabla ya kukabidhiwa mambo ya wafanyakazi. Kila juma familia zilikwenda kupokea posho: unga wa mahindi, samaki, nyama, karanga, mafuta ya mawese. Sikatai kwamba vifo vilipungua sana na watoto wakanawiri. Wazee wanaoyakumbuka makambi hayo hueleza kwa shukrani ya kweli, na haifai kuwanyang'anya shukrani yao. Walakini posho ilikuwa ni kuni za mashine. Wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mshahara mwezi Desemba 1941, walipigwa risasi mjini Lubumbashi.

Na hesabu hiyo ya mwili ilikuwa na mwisho wake. Mtu aliyeshika keekee ya kutobolea mwamba, mtetemo ukimwingia mikononi hata mabegani kutwa nzima, au aliyeketi miaka mingi katika lori kubwa la mgodini, kila shimo la njia likipita katika kiti na kuupiga uti wake wa mgongo, hakuwa na budi kuona ganzi vidoleni na maumivu ya kiuno kabla hajafika umri wa mvi. Na vumbi la mwamba likilala mapafuni halitoki tena. Nguvu zikimwisha, mkataba nao ulikwisha, na nyumba ya kambi, ambayo haikuwa yake bali ya kazi yake, ikapewa mwingine. Wengi walirudishwa makwao, Kasai, Maniema au Rwanda, na maumivu yao wakaenda nayo huko, mbali na macho ya daktari aliyewapima siku ya kwanza. Malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi wa Kongo yaliwekwa kwa sheria mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru.

Ama mazoezi ya viungo kwa ajili ya furaha, hayo yalikuwa ya vijana. Mapadre Wabenedikto waliamini mpira kuwa shule ya tabia njema, nao ndio walioianzisha mwaka 1939 timu ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Mazembe. Makambi ya shaba yote yakapata viwanja na timu zake. Baadaye, kampuni ilipokwisha kutaifishwa na kuwa Gécamines, na Katanga ikaitwa Shaba, serikali ya Mobutu iliwataka watu wazima wacheze ngoma za chama kwa safu na sare, na siku za salongo, yaani kazi za umma za lazima, washike majembe na mafagio kwa amri. Nadhani amri hiyo iliwachukiza wengi hata leo wasikie neno mazoezi kama neno la kulazimishwa, na ni hasara, kwa maana viungo vya mtu wa makamo vinahitaji mwendo kuliko vya kijana.

Kisha nguzo zikaanguka. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Katika miaka hiyo hiyo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi kwa vitisho na kwa damu, na miongoni mwa waliolala vituoni wakingoja treni walikuwamo wazee waliokwisha kuuacha ujana wao wote machimboni. Sioni jeraha katika tarikhi ya mji huu lililo zito kuliko hilo. Waliobaki walikaa miezi mingi bila mshahara, hospitali zikakosa dawa, na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akapewa kiinua mgongo cha mara moja na kufutiwa tumaini la mengine. Kwa hiyo kizazi kile ndicho cha kwanza kuzeeka kwa wingi Kolwezi kwenyewe, na kilizeeka pasipo mwalimu.

Walichofanya kilikuwa ni kushika jembe. Familia zilizokuwa zikipokea unga wa bukari kwa kadi zilikwenda pembezoni mwa mji kulima mahindi, mihogo na lengalenga, wengine wakitembea saa nzima au zaidi kabla hawajafika shambani. Haikuwa tiba, ilikuwa njaa. Hata hivyo ukimwangalia mzee aliyeizoea kazi hiyo kwa miaka ishirini, utaona maarifa ambayo hakuna mtu aliyemfundisha. Huanza polepole jua likiwa bado chini, akipiga matuta machache huku mwili ukipata joto. Jembe la mpini mfupi, ambalo humkunja mgongo, amelibadilisha kwa la mpini mrefu apate kusimama. Huhamisha mkono wa mbele kila akimaliza mstari, ili bega moja lisibebe yote. Hukaa palizi nzima juu ya kigoda badala ya kuchuchumaa. Na mzigo wa kurudi nao huugawa katika vifurushi viwili vya uzito sawa, kimoja kila mkono. Elimu ya leo inamuunga mkono, kwa maana gegedu iliyo ndani ya goti haina mishipa ya damu yake yenyewe, bali hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huzunguka mtu akikunja na kukunjua mguu. Nayo misuli ya paja ikiwa imara hulichukulia goti sehemu ya mzigo wake. Mwenye kulala kutwa kwa kuogopa maumivu huzidi kukakamaa. Ila sharti kazi iwe ya kiasi, maana hakuna goti linaloshukuru kwa gunia la mkaa.

Kwa maumivu ya usiku wanazo dawa zao. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yenye chumvi hufungwa gotini. Kiuno hukandwa kwa mafuta yaliyopashwa moto. Na wapo waganga waumikao kwa pembe, wakichanja chale ndogo na kuvuta damu. Mkando na joto naviamini, kwa kuwa hulegeza misuli na kumpa mtu usingizi. Chale naziogopa kwa sababu ya wembe unaopita kwa wengi. Nazo dawa za dukani ninaziogopa zaidi: vidonge vya diklofenaki huuzwa rejareja pasipo cheti, mzee akavimeza mwaka mzima kwa ajili ya baridi yabisi, wala asiambiwe kwamba huumiza tumbo na figo, hasa kwake yeye mwenye shinikizo la damu.

Na wajukuu wao sasa wanachimba. Tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mwaka 2014, vijana hushuka katika visima vyembamba kwa kamba na hupanda na viroba vya mawe mgongoni, bila mkataba, bila posho, bila senti moja kuwekwa kwa ajili yao katika mfuko wa malipo ya uzeeni, ambao sheria ya mwaka 2016 imeupanga upya kwa ajili ya wenye ajira. Hakuna anayewapima kifua. Shauri la kubeba nusu ya mzigo na kurudi mara ya pili, ambalo mzee yeyote wa Kapata angeweza kuwapa, hawawezi kulifuata, kwa kuwa depo za wanunuzi wa madini hununua kwa kilo, na kisima kina zamu ya watu wengine wanaongoja juu.