Mchungaji Aliyekuwa Mvutaji wa Afyuni

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, sura ya 11, habari za Lazaro. Mwazijua sana, kwa hiyo hatutazisoma zote. Angalieni jambo moja tu lililo mwisho wake. Bwana alimwita mtu aliyekwisha kufa, naye akatoka kaburini akiwa hai. Lakini alitoka na sanda yake, mikono na miguu imefungwa, na uso umefunikwa. Bwana hakumfungua kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo aliwapa watu waliokuwa wamesimama pale.

Wekeni hilo moyoni, kisha twende pamoja mpaka Uchina ya karne ya kumi na tisa.

Katika jimbo la Shanxi, kaskazini ya nchi ile, alikuwako msomi jina lake Hsi. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa elimu, akafaulu mtihani wa serikali angali kijana, na watu wa vijijini walikuwa wakimjia awasaidie katika kesi zao. Alipofikia umri wa makamo akashikwa na ugonjwa usiomwachia. Rafiki zake wakamshauri avute afyuni kidogo, imtulize. Ikamtuliza kweli. Tusidanganyane hapa, ndugu zangu. Sisi wahubiri twapenda kusema kwamba mtu huanza dawa za kulevya kwa sababu ya uovu na marafiki wabaya. Wako wa namna hiyo. Lakini wako wengi walioanza kwa maumivu, au kwa huzuni, au kwa kukosa usingizi, na siku ile ya kwanza waliona wamepona.

Ile kidogo ikawa haitoshi. Mwili ukazoea, ukataka zaidi ili upate raha ile ile, na mwishowe ukaitaka afyuni si kwa raha tena bali ili usiteseke. Msomi Hsi akabaki kitandani, amekonda. Wakati mmoja jamaa zake walimvika nguo zake nzuri, wakimngojea afe.

Afyuni hiyo ilitoka wapi? Hapa yatupasa kusema neno linalotuaibisha watu wa kanisa. Kampuni ya Waingereza iliyotawala India iliisimamia afyuni iliyolimwa kule Bengal, na wafanyabiashara wakaipeleka Uchina kwa magendo, ingawa serikali ya Uchina ilikuwa imeikataza. Mwaka 1839 afisa mmoja wa mfalme, Lin Zexu, alikamata masanduku zaidi ya 20,000 akayaharibu yote. Waingereza wakaja na manowari. Ilipiganwa vita kuanzia mwaka 1839 hata 1842, na ya pili kuanzia 1856 hata 1860. Katika mwaka 1858 mapatano yaliyolazimishwa kwa mizinga yaliwapa wamisionari ruhusa ya kuhubiri bara, na mwaka huo huo biashara ya afyuni ikahalalishwa. Injili na afyuni zilipita mlango mmoja. Sisi Waanglikana, ambao kanisa letu lilitoka kwa taifa lile lile, haitufai kuipita habari hii upesi. Hata katika Kiswahili chetu tunalo neno kasumba. Leo twalitumia kwa fikra mbaya zilizotiwa vichwani mwetu na wakoloni, lakini maana yake ya asili ni hiyo afyuni.

Baadaye wakulima wa Uchina wenyewe wakaipanda, hata katika mashamba mazuri ya Shanxi yaliyokuwa ya nafaka. Basi mvua ilipokosekana, njaa ya mwaka 1876 mpaka 1879 iliua mamilioni ya watu kaskazini ya nchi.

Njaa hiyo ndiyo iliyomleta David Hill, mmisionari wa Kimethodisti, akigawa chakula. Mwaka 1879 akatangaza shindano la insha kwa wasomi, juu ya mambo ya dini na maadili, na afyuni ikiwa mojawapo. Hsi aliandika insha kadhaa kwa majina mbalimbali, akashinda zawadi tatu kati ya nne! Aliogopa kwenda kuzichukua, maana ilisemekana wageni ni wachawi. Mwishowe alikwenda, na Bwana Hill akamwomba abaki amsaidie katika kuandika. Katika chumba alichopewa palikuwa na Agano Jipya. Alilisoma, akafika kwenye mateso ya Bwana, akapiga magoti peke yake.

Wengi wetu tungeikomesha habari hapa na kuimba haleluya. Lakini Hsi aliyepiga magoti alikuwa bado na afyuni mwilini. Alipoiacha alikaa siku saba usiku na mchana karibu bila kula wala kulala: baridi na joto vikipishana, macho na pua vikimtoka maji, viungo vikimuuma. Watu wa pwani leo huiita hali hiyo arosto, na mama aliyemwona mwanawe ndani yake haisahau. Hsi aliomba kwa machozi, na siku zile zote hakuachwa peke yake. Alipopona alijiita Shengmo, maana yake mshindi wa pepo.

Alilolifanya baadaye ndilo lililotufanya tuchague habari zake. Alifungua nyumba za kuwapokea wavuta afyuni. Walikaa humo majuma kadhaa, wakipewa chakula, vidonge na watu wa kukesha nao. Dawa za kigeni zilipopungua, Hsi, aliyejua dawa za kwao, aliomba na kufunga, kisha akatengeneza vidonge vyake kwa dawa za kienyeji. Hakuona ugomvi kati ya sala na kidonge. Na wasaidizi wake wengi walikuwa watu waliokuwa wavutaji zamani. Palipohitajika fedha za kufungua nyumba katika mji wa Hochow, mkewe alitoa vito vyake vya arusi viuzwe. Mwaka 1886 Hsi aliwekwa kuwa mchungaji, na alipokufa mwaka 1896 nyumba hizo zilikuwa makumi.

Wengine walirudia afyuni. Wengine miongoni mwa wasaidizi wake walimgeuka, wakafungua nyumba zao za kushindana naye kwa ajili ya faida. Hata hivyo hakufunga milango.

Kulikuwa na kosa jingine lililofanywa na wenye nia njema. Wamisionari na wauza dawa wengi waliwapa wavuta afyuni mofini ili waache afyuni. Mofini yatoka katika afyuni yenyewe, nayo ina nguvu zaidi. Watu wakaacha moja wakashikwa na nyingine, na Wachina wakaziita dawa hizo "afyuni ya Yesu". Vivyo hivyo mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Hiyo ndiyo unga unaouzwa leo katika vichochoro vya Mombasa na Malindi.

Wala asijivune mtumishi wa Mungu. C. T. Studd, aliyefika Uchina mwaka 1885, alisimamia na mkewe nyumba ya wavuta afyuni huko huko Shanxi. Mwaka 1913 alikwenda Kongo, akahubiri mpaka alipokufa kule Ibambi mwaka 1931. Katika uzee wake, mwili ukiwa umechakaa kwa maradhi, yeye naye alikuwa akitumia mofini, na jambo hilo lilileta fitina kubwa kati yake na halmashauri yake nyumbani. Hatulisemi ili kumhukumu. Maumivu ni maumivu.

Sasa turudi kwetu. Tulikuwa na kijana katika parishi, mtoto wa mmoja wa akina mama wetu. Alivuta unga miaka sita. Siku ya mkutano alikuja mbele, tukamwekea mikono, akashuhudia, tukapiga makofi. Juma la pili alionekana tena kule maskani. Basi tulimfanyaje? Tulinyamaza. Wazee wakasema hakuwa ameokoka kweli. Mama yake akaanza kukaa nyuma kanisani, kisha akaacha kuja. Tulimwita atoke kaburini, akatoka, nasi tukamkemea kwa sababu ya sanda.

Hatukujua, na yatupasa kujua, kwamba mtu aliyeacha unga kwa majuma machache, iwe gerezani, nyumbani au kwenye maombi, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudi akatumia kiasi kile kile, pumzi zaweza kukatika, akafa. Kwa hiyo siku za baada ya ushuhuda ndizo za hatari zaidi, na ndizo siku ambazo sisi twakwenda nyumbani. Na pombe ina hatari yake. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi, mkimfungia chumbani aache ghafula, aweza kushikwa na kifafa na kuweweseka, na hata kufa. Mpelekeni hospitali kwanza, na mwombe huko huko kando ya kitanda.

Tangu Desemba 2014 serikali yetu imekuwa ikitoa dawa ya methadoni, kwanza Mathari, Nairobi, kisha huku pwani. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huizuia arosto ili aweze kufanya kazi na kulala. Baadhi ya ndugu hutuuliza: je, si ile afyuni ya Yesu imerudi? Swali ni la haki, na historia inatupa sababu ya kuliuliza. Lakini mofini ile iliuzwa dukani kwa yeyote, bila mtu wa kumwangalia mnywaji. Hii hupimwa, mgonjwa hufuatwa, na kipimo kikiwa sawa haimlevyi. Wengine huinywa miaka. Sisi twaona ni heri mtu aliye hai akinywa dawa kila asubuhi kuliko tuliyemzika akiwa na ushuhuda mzuri.

Kijana yule hakufa, ashukuriwe Mungu. Nesi mmoja, si mtu wa kanisa letu, ndiye aliyemwandikisha kliniki. Tulikwenda nyumbani kwao, tukawaomba radhi yeye na mama yake. Mama alilia, kijana hakusema neno. Jumapili ya tatu baada ya hapo alikuja, akaketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Wakati wa wimbo wa pili, mzee mmoja wa kanisa, ambaye miaka mingi iliyopita aliacha pombe na hapendi kuisema habari hiyo, aliondoka kiti chake cha mbele, akaenda akaketi naye.