Mkutano wa siri: Njia ambayo sheria imempa mkazi wa Kyuso

MKAZI wa Kyuso anayefika mkutanoni na kukuta mlango umefungwa hana haja ya kurejea nyumbani akinung'unika. Sheria za Kenya zimempa njia ya kulalamika, ingawa mafanikio yake hutegemea swali ambalo husahaulika kwa urahisi: je, mkutano huo ni wa nani?

Kama ni wa Bunge la Kaunti ya Kitui au kamati yake, jambo ni wazi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza kila bunge la kaunti lifanye vikao vyake na vya kamati zake hadharani. Wananchi na wanahabari hawawezi kufungiwa nje ila katika hali zisizo za kawaida, tena baada ya spika kuamua kwamba zipo sababu za haki. Mamlaka hayo hayakupewa mwenyekiti wa kamati, sembuse askari wa langoni. Kwa hiyo barua ya malalamiko huandikiwa spika kupitia kwa karani wa bunge, nayo huuliza mambo mawili tu: uamuzi wa kufunga kikao ulitolewa lini, na kwa sababu gani?

Bodi na kamati zilizo chini ya serikali ya kaunti, tuseme ile inayogawa basari katika wadi, zina hali tofauti. Kifungu cha 196 hakizitaji. Mlalamishi hapo huegemea Kifungu cha 10, kinachohesabu uwazi na ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kile cha 201 kuhusu uwazi katika fedha za umma. Huo ni msingi imara, lakini haumpi haki ya kuketi katika kila kikao. Silaha yake kubwa zaidi ni kudai kumbukumbu: nani walihudhuria, nini kiliamuliwa, na fedha zilikwenda kwa nani.

Dai hilo hutolewa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Raia huandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, wala halazimiki kueleza anataka habari hizo kwa nini. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa anayehusika ana wajibu wa kuliandika ombi lake. Ofisi hutakiwa kujibu katika muda wa siku 21, na yaweza kuongeza siku zisizozidi 14 mara moja pekee. Ada haitozwi, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Kwa mtu ambaye nauli ya kutoka Kyuso hadi mjini Kitui kupitia Mwingi ni mzigo, barua ina manufaa kuliko safari tatu za kuuliza kwa maneno. Muhimu ni kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, maana bila tarehe hiyo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba muda umepita.

Akinyimwa, ana siku 30 za kuomba uamuzi huo uchunguzwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, inayofahamika zaidi kama Ombudsman. Tume haitozi malipo, na ina uwezo wa kuamuru habari zitolewe.

Mahakama huja mwisho. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 humtaka mlalamishi atumie kwanza njia nyingine zilizopo, na asiyefanya hivyo huweza kurudishwa. Isitoshe, kesi ya kikatiba ya aina hii si ya mahakama ya hakimu iliyoko Kyuso, bali ya Mahakama Kuu.

Uamuzi unaorejelewa mara kwa mara ulitoka Kiambu. Mnamo Aprili 2014, Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti ilijitetea kwamba tangazo lilichapishwa gazetini; jaji hakuridhika, akisema ni lazima serikali itumie njia zinazowafikia wakazi wenyewe, zikiwemo za makanisani, misikitini na redio za lugha za mama. Mahakama ya Rufaa iliukubali uamuzi huo mwaka 2017.