Faranga moja ya Rwanda: sarafu ndogo na sura zake

KIGALI – Ukinunua bidhaa madukani Nyarutarama, usitegemee kurudishiwa chenji ya faranga moja. Siku hizi sarafu hiyo ni jina zaidi kuliko fedha.

Ilianza mwaka 1964, Rwanda ilipoachana na faranga iliyokuwa ikitumia pamoja na Burundi. Ya kwanza ilikuwa ya shaba na nikeli, yenye kichwa cha Rais Grégoire Kayibanda. Mwaka 1969 ikahamia kwenye aluminiamu, nyepesi mno mfukoni. Kayibanda alipinduliwa Julai 1973, na sarafu za 1974 zikatoka na mmea wa mtama. Mtama huo ulibaki hata kwenye toleo lenye tarehe ya 2003, ila upande wa pili ukawekwa nembo mpya ya taifa.

Hata hivyo msafirishaji asiidharau. Kwenye mzigo wa tani 30, tofauti ya faranga moja kwa kilo ni faranga 30,000, kwa hiyo bei iandikwe kamili kwenye ankara. Sarafu zenyewe zimalize kabla ya kufika Gatuna au Rusumo. Wabadilisha fedha wa mpakani hutaka noti.